Kanga za Kampeni na Maji ya Mama Yangu

Nianze na kosa langu, maana wengine wote wameshalisema na nimechoka kulisikia vinywani mwao. Kanga za kampeni nilizigawa mimi. Nilizikata mimi, nikazipinda mimi kwa cherehani yangu hapa mjini, Mwembesongo, nikazipandisha mlimani mimi, na nikawapa wanawake wa kwetu mkono kwa mkono. Mama yangu nilimpa wa kwanza. Uchaguzi ukapita, kiangazi kikaingia, na maji ya shamba la mama yakageuzwa kwenda kwenye bomba la kampuni ya maji ya chupa. Hadi leo ninapoandika haya mfereji wake ni mkavu.

Sasa ngoja niseme ilivyokuwa, na nitaisema kwa hasira kwa sababu sijui kuisema vingine. Mimi nina hasira za karibu, mtaa mzima unajua. Mteja akiniletea kitambaa kifupi halafu akataka gauni la mikono mirefu, namwambia pale pale aende akaongeze kitambaa au akubali mikono mifupi. Lakini hasira hii si ya namna hiyo. Hii nimelala nayo, nimeamka nayo, na kila nikimtafuta wa kumtolea namkuta ameshaondoka, au namkuta ni mimi mwenyewe.

Mama anakaa juu kabisa, milimani. Ukitoka mjini gari linakufikisha mpaka barabara inapoishia, baada ya hapo ni miguu yako na pumzi zako. Ana shamba la ngazi tatu kwenye mteremko: karoti juu, kabichi katikati, njegere na vitunguu chini. Mvua zikiisha, kinachomlisha ni chemchemi iliyo kwenye kipande cha msitu ambacho ukoo wetu haukati mti wake hata kwa kuni. Maji yanatoka pale yanashuka kwa mfereji, na kila mwanamke ana zamu yake. Zamu ya mama ni Jumanne na Ijumaa, na siku hizo hata padri akimwita hatoki shambani. Kwa karoti hizo nilisomeshwa, kwa karoti hizo nilinunuliwa cherehani ya kwanza, na ndizo zilizokuwa zinamlisha yeye na wajukuu watatu anaowalea.

Kuna jambo lazima lieleweke hapa, maana hata kampuni haikulielewa mwanzoni. Kwetu Waluguru ardhi inafuata tumbo la mama. Mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na shamba ni la ukoo huo. Mwanaume akioa kwetu anapewa pa kulima, analima, anakula, anaheshimiwa, lakini ardhi si yake wala haitakuwa yake. Marehemu baba alikuwa anatania mbele ya wageni kwamba yeye pale ni mpangaji wa mama, na kwamba kodi anailipa kwa kusikiliza. Mkubwa wa ukoo wetu ni mjomba, kaka yake mama, mzee wa maneno machache na kikohozi kingi.

Kampuni ilipokuja mara ya kwanza, kabla ya kampeni hata hazijaanza, ilikuja na kreti za soda na ikaita kikao cha wakuu wa kaya. Wakuu wa kaya, kwa akili za watu wa bondeni, ni wanaume. Wakaja wanaume, wakanywa soda, wakaambiwa habari za ajira na zahanati, wakasaini kwamba wameridhia kampuni ichukue maji kwenye chanzo. Wanawake walikuwa wamesimama nje wanasikiliza dirishani. Wakacheka mpaka wakashikana mabega! Mama mdogo mmoja akapaza sauti kutoka nje, "Na nyumba yangu mwiteni mgeni wangu aiuze, basi!"

Mjomba akaandika barua, akaipeleka mwenyewe ofisini, kwamba waliosaini wote ni wakwe zetu, tunawapenda, tunakula nao, lakini chanzo kile na ardhi yake ni vya ukoo, na wenye ukoo hawajaulizwa. Karatasi ya kampuni ikakwama. Tukashangilia. Mimi mwenyewe niliisimulia hadithi ile dukani kwangu mara nyingi mno, kwa sauti, mbele ya kila mteja, jinsi wenye pesa walivyokwenda kununua kwa wapangaji. Nadhani hapo ndipo nilipowafundisha kazi.

Maana kampeni zilipoanza, akaja dukani bwana mmoja wa suti ya Kaunda, mtaratibu, ananukia vizuri, anasalimia mpaka mafundi wanaokaa nyuma. Alijitambulisha kuwa ndiye anayesimamia kampeni za mgombea udiwani wa kata ya kwetu mlimani. Mgombea mwenyewe nilimfahamu. Alikuwa mwalimu, mtu maskini wa kawaida mwenye viatu vilivyotiwa soli mara mbili, na hakuna aliyewahi kusema neno baya juu yake. Bwana yule alikuja na marobota ya kanga zenye picha ya mwalimu huyo na maneno chini yake, *Ukinikumbuka nami nitakukumbuka*. Alitaka zikatwe doti doti na zipindwe kwa wiki moja.

"Nimeambiwa wewe ni mwenyeji wa kule, dada," akasema. "Wanawake wa kule wanakuamini."

"Wananiamini kwa kuwa siwashonei ovyo," nikamjibu.

Akacheka. Kisha akasema, kwa sauti ya mtu anayefikiria tu, kwamba mwalimu akishinda kutakuwa na sare za shule za kata nzima, na fundi anayejulikana hawezi kusahauliwa. Hapo akanipata. Nasema wazi, sikudanganywa kwa ujinga, nilidanganywa kwa tamaa yangu mwenyewe. Usiku ule nilikuwa nimeshaajiri mafundi wawili zaidi kichwani mwangu na nimeshachagua rangi ya kupaka duka.

Gari lililoleta marobota lilikuwa limebandikwa picha kubwa ya mgombea mlangoni. Pembeni mwa picha kulikuwa na rangi ya bluu inachungulia, na kipande cha nembo. Nembo ile naijua, iko kwenye kila chupa inayouzwa stendi ya Msamvu. Nikamuuliza dereva, "Hili si gari la kampuni ya maji?"

"Wametuazima tu, dada. Kampuni ina roho nzuri. Asubuhi tulikuwa kwa mpinzani wake, tumempelekea fulana."

"Kwa mpinzani wake?"

"Ndiyo. Kampuni haina upande."

Hebu yasome tena maneno hayo! Kampuni haina upande. Nimeyarudia kichwani mara elfu. Mtu anayetia mchuzi kwenye sahani zote mbili si kwamba hana upande, ni kwamba ana uhakika wa kula. Lakini siku ile nilitikisa kichwa, nikaona ni jambo la kistaarabu, nikarudi kwenye cherehani.

Siku ya kupandisha kanga, yule bwana akanipa karatasi za kuorodhesha wapokeaji. Zilikuwa na safu nne: namba, jina kamili, ukoo, na sahihi au dole gumba. Juu hapakuwa na kichwa cha habari, pameachwa patupu vidole vitatu. Chini kabisa pameandikwa "Shahidi". Nikamuuliza ukoo wa nini. Akasema huko mlimani majina yanafanana sana, bila ukoo mtu anaweza kuchukua mara mbili. Nikaona ana akili. Ni kweli yanafanana, katika kijiji chetu ukiita jina moja la Kikristo wanageuka wanawake sita. Kuhusu patupu pale juu akasema kichwa cha habari kitapigwa chapa ofisini, mashine yao imeishiwa wino.

Jamani, wino! Na mimi mtu mzima nikameza.

Tena kama ningewauliza watu wa mjini ukoo wao wangenishangaa, wangeuliza unautakia nini. Kwetu si hivyo. Kwetu mwanamke ukimwuliza ukoo umemheshimu. Nilikaa kwenye kigoda barazani kwa mama, karatasi magotini, na kila aliyekuja nilimwamkia, shikamoo bibi, shikamoo shangazi, kisha nikamwuliza jina na ukoo. Walinyooka migongo wakiutaja. Bibi mmoja ambaye haoni vizuri alinishika mkono, akataka nimsomee nilivyoandika, akanirekebisha herufi moja ya jina la ukoo, ndipo akabonyeza dole gumba. Na kusaini kwenyewe tumeshazoea. Chandarua unasaini, chanjo unasaini, semina ya mbegu unasaini kwanza ndipo upate soda. Hakuna aliyeuliza karatasi inasema nini, kwa sababu aliyeishika ni mtoto wao.

Mama alipokea ya kwake, akaifungua, akaisoma, akajifunga pale pale. "Nzuri," akasema. "Imepindwa vizuri." Ndicho alichojali, pindo. Akaandika jina lake lote kwa mwandiko wake wa darasa la nne, na mimi nilipomaliza wote nikasaini chini, kwenye "Shahidi", kwa ule mkwaruzo wangu ambao hata benki wananirudishia.

Mwalimu akashinda. Sare sikuziona. Nilipita ofisini kwao mara mbili, mara ya tatu nikaona haya. Kisha siku moja ya Jumanne, jua limeshakausha milima, mama akanipigia simu. Mama hapigi simu Jumanne.

"Maji hayajafika," akasema.

"Labda mfereji umeziba, mama."

"Nimeufuata mpaka juu. Wamejenga."

Nikafunga duka. Nilipofika nilikuta kwenye chanzo chetu pamejengwa kisima cha zege chenye mfuniko wa chuma na kufuli, uzio wa waya pande zote, na mlinzi amekaa chini ya ule msitu usiokatwa, amechoma moto kwa kuni za msitu ule ule. Bomba jeusi nene kama paja langu lilikuwa linateremka bonde la pili. Kwenye mfereji wa mama palikuwa na tope na vyura wawili. Ngazi ya karoti ilikuwa bado kijani, lakini ukizishika majani yamelegea. Mlinzi akaniambia kwa upole kwamba kampuni ina kibali, nikitaka nikaulize kwa mtendaji wa kijiji.

Mtendaji akatoa faili. Hakuwa na kiburi, maskini, alikuwa na aibu. Nikafungua. Nikaona karatasi zangu. Majina ya wanawake wetu wote, koo zao, madole gumba yao ya zambarau, na yule bibi asiyeona vizuri na ukoo wake ulioandikwa sawasawa. Pale juu palipokuwa patupu pamepigwa chapa: *Ridhaa ya Wanaukoo Wenye Eneo la Chanzo cha Maji*. Na chini kabisa, kwenye "Shahidi", mkwaruzo wangu.

Nililia ofisini mwa watu. Si kilio cha huzuni, kilikuwa kilio cha mtu anayetaka kupiga kitu na hakuna cha kupiga. Wahenga walisema mchuma janga hula na wa kwao. Mimi nililichuma, nikalifunga kwenye marobota, nikawapelekea wa kwetu mpaka mlangoni.

Nikateremka mjini na hasira zangu. Yule bwana wa suti ya Kaunda nilimpata, na nilimpata wapi? Kwenye ofisi ya kampuni, ana meza yake na kibao chenye jina lake. Hakushtuka hata kidogo. Akaniagizia maji, ya kwao, kwenye chupa. Nikamwambia anywe mwenyewe.

"Dada, usikasirike," akasema. "Mfadhili naye ni binadamu, anahitaji shukrani. Mkono mtupu haulambwi."

"Ulinilaghai."

"Nilikudanganya wapi? Nilisema andika jina na ukoo. Kanga mlipata?"

"Tulipata."

"Za bandia?"

Nilitoka kabla sijafanya jambo la kunipeleka polisi. Nikaenda kwa diwani. Walimu tunawaheshimu, kwa hiyo nilimwamkia kwanza, nikakaa, ndipo nikafungua mdomo, na nikaufungua wote. Alinisikiliza ameinamisha kichwa. Viatu vyake vilikuwa vipya.

"Mimi sikuiona hiyo karatasi," akasema. "Naapa. Mimi nililetewa magari, nikaletewa kanga, nikaletewa spika. Sikuuliza bei yake. Baada ya kushinda wakaja na kibali, wakasema wanawake wote wameridhia, saini hapa uwape majirani maendeleo. Nikasaini."

"Kwa nini hukuuliza?"

Akaniangalia. "Mama, nisikilize. Ningekuja kwenu kwa miguu, na viatu vyangu vile, na maneno matupu, mngenichagua? Sema kweli. Mara ya kwanza nilipogombea nilikuja hivyo hivyo, mwaka ule. Mlinipigia kura ngapi?"

Mara ya kwanza alipogombea alikuja kweli kwa miguu, akazungumza vizuri juu ya mifereji na mmomonyoko wa udongo, na sisi tukampigia kura yule aliyetuletea pilau. Mimi pia. Pilau lilikuwa na nyama nyingi, nalikumbuka mpaka leo. Hilo ndilo linaloniudhi kupita yote, kwamba kampuni haikuvunja mlango, ilikuta tumeuacha wazi na tumeweka na kigoda.

Mjomba na mimi tukaandika malalamiko. Tukayapeleka ofisi hii, wakatutuma ya pili, ya pili ikaturudisha ya kwanza. Miezi ikaenda. Karoti za mama zikafa, kisha kabichi. Njegere akawa anazimwagilia kwa ndoo kutoka mtoni chini, mwanamke wa umri ule, anapanda mteremko na ndoo kichwani mara kumi kwa siku. Nilimwambia ahamie kwangu Mwembesongo. Akaniuliza, "Nije nikae nifanye nini? Nikutazame unashona?"

Mwishowe tukaambiwa kamati itapanda kijijini kusikiliza. Afisa mmoja aliyetuhurumia akatueleza jambo lilivyo. Ili ile ridhaa ifutwe, wanawake lazima waseme walichokuwa wanasaini. Wakisema walisaini kupokea kanga za mgombea, basi hiyo ni rushwa ya uchaguzi, na sheria inawashika wote wawili, mtoaji na mpokeaji. Wasiposema, karatasi inabaki ilivyo na maji yanabaki kwenye bomba.

Usiku wa kuamkia siku ile wanawake walikaa jikoni kwa mama. Walikubaliana kwamba wao watakiri kupokea, potelea mbali, wazee kama wao nani atawafunga. Lakini mimi hawatanitaja. Watasema lilikuja gari, likiwa na vijana wasiowajua, wakagawa, wakaondoka. "Binti yetu hatumtoi," akasema yule mama mdogo wa dirishani. "Ana watoto na duka." Wote wakaitikia. Mama alikuwa anamenya njegere chache zilizobaki, hakusema kitu. Na mimi, mwenye mdomo usio na breki, nilinyamaza nikaacha waamue hivyo. Nilisikia nafuu, na ninaona haya kuiandika.

Kamati ilikaa darasani, kwenye shule ya misheni. Aliyeiongoza alikuwa kijana mpole, alituamkia wote shikamooni kabla ya kukaa. Kila aliyeitwa alishika kitabu chake, Biblia au Msahafu, akaapa, akaulizwa.

"Ulisaini nini, bibi?"

"Kanga."

"Aligawa nani?"

"Lilikuja gari. Vijana. Sikuwajua."

Wa pili hivyo hivyo. Wa tatu, wa saba, wa kumi. Kijana akawa anaandika, lakini uso wake ukazidi kukunjamana. Mwishowe akaweka kalamu, akainua ile karatasi ili wote waione.

"Wazee wangu, mnanipa kazi," akasema. "Hapa chini kuna shahidi. Sahihi haisomeki. Kama hakuna anayemjua shahidi huyu, mimi siwezi kusema karatasi ni ya uongo. Kampuni watasema shahidi ni mtu wao na aliona mkiridhia. Mkinipa jina la aliyegawa, akaja akasema ni kanga, hapo ridhaa inaanguka. Bila jina, inasimama."

Nilikuwa nimekaa dawati la nyuma. Nilijua ninachotakiwa kufanya, mtoto mdogo angejua. Nikayaangalia magoti yangu. Nikajiambia ngoja kidogo, labda atapatikana mwingine wa kusema neno, labda mjomba. Mjomba akakohoa. Sikusimama.

Ikafika zamu ya mama, wa mwisho. Akaishika Biblia kwa mikono miwili, akaapa, akairudisha mezani taratibu na kuinyoosha ikae sawa.

"Ulisaini nini, mama?"

"Kanga."

"Aligawa nani?"

Wanawake wote walikuwa wanamwangalia. Mama hakuniangalia. Alikuwa anaangalia dirishani, upande wa shambani.

"Aligawa mwanangu," akasema. "Yule pale nyuma. Sahihi hiyo ni yake, anaandika vibaya tangu mdogo."

Nikasimama. Nikasema ndiyo, ni mimi. Na nilipoanza kusema, nikasema yote: suti ya Kaunda, safu ya ukoo, patupu pale juu, gari lenye nembo, fulana za mpinzani, sare nilizoahidiwa. Nikamtaja kila mtu. Nikaitaja kampuni kwa jina lake lote, mara tatu, kusudi isipotee.

Kijana akanisikiliza mpaka mwisho. "Una barua yao? Stakabadhi? Ujumbe kwenye simu?"

Sikuwa na kitu. Mtu alikuja dukani akasema kwa mdomo wake.

"Basi niandike unachoweza kuthibitisha," akasema, na sauti yake haikuwa mbaya. Akaandika jina langu. Akaandika kwamba nimekiri kugawa kanga za mgombea. Akaniambia nitaitwa kutoa maelezo, nisisafiri mbali. Nilichungulia karatasi yake wakati natia sahihi, safari hii nikaisoma kuanzia juu. Mgombea alikuwamo, wanawake wetu walikuwamo na mimi nilikuwamo. Kampuni haikuwamo hata mstari mmoja, wala ile ridhaa.

Wakaanza kufunga mafaili. Mama alikuwa bado amesimama mbele ya meza, hakuna aliyemwambia akae.

"Nimesema kweli," akamwambia yule kijana. "Nimemtoa mtoto wangu. Sasa maji mtafungua lini?"

Kijana akamwangalia, akawaangalia wenzake, kisha akajibu kwa adabu kabisa.

"Maji ni ofisi nyingine, mama. Sisi tumekuja kwa suala la kanga."